Gari la Mkate

Chini ya rangi yangu ya kijani herufi bado zinasomeka: MKATE.
Nimezifuta mara tatu. Jua la Lubumbashi
huzifukua kila kiangazi, kama mwenye kudai.
Basi alfajiri, Katuba au Kamalondo,
popote nilipoegesha, mtoto hugonga bodi,
noti ya mia tano imekunjwa ngumini.
"Papa, miwili."
Nafungua mlango wa nyuma: godoro, jiko la makala,
madebe, na simba wa baa moja ya Kipushi
ambaye mwenye baa alimkataa, ati hana hasira.
Mtoto anamkazia macho. "Huyu je, anauzwa?"
"Haliki," namwambia.
Anacheka, anakwenda zake na njaa yake.

Hii ndiyo nyumba. Usukani uko kulia
na barabara yetu nayo ni ya kulia,
kwa hiyo mtaro nauona vizuri
kuliko lori linalonijia.
Kulipita lori la shaba kunataka mke,
kiti cha kushoto, wa kukwambia "ngoja", wa kukwambia "sasa".
Mimi pale nimeweka dumu la tapentaini.
Silipiti. Nameza vumbi lake mpaka Likasi.

Fungurume nimechora jino, refu kama mtoto wa shule.
Kasumbalesa, meli, ukutani kwa mtu
asiyepata kuiona bahari; wala mimi;
tukajadiliana mawimbi hadi jioni.
Malipo: unga, lita tano, ahadi.
Askari wa barabarani akitaka hati za gari
namchora kofia ikiwa imenyooka. Tunaagana.

Julai usiku bati hutoka jasho la baridi,
nalala na tyubu za rangi kwapani zisikakamae.
Dada yangu Mwadi hupiga simu: "Uko wapi?"
Nachungulia dirishani. "Nyumbani."
"Nyumbani wapi?"
Hapo chaji huisha. Mara nyingine huisha kweli.

Juzi, Ruashi, mama mmoja hakuomba mkate.
Alinipa kadi ya uchaguzi ya mwanawe.
Picha ilikwisha kufifia, kama zilivyofifia zetu zote:
mraba mweupe, na kando yake jina, Mwepu.
Alishuka shimoni Kolwezi, akasema. Shimo halikumrudisha.
"Nichore nini, mama?"
"Mchore huyu."
Kidole juu ya weupe.

Nikamkalisha mlangoni, juu ya debe,
nikaanza na pua yake yeye.
Pua ni hiyo, akasema. Mdomo, hapana,
alikuwa akicheka upande mmoja.
Nyusi hakuwa na hakika;
akazigusa zake, kama anayeziuliza.
Shati alilitaka la buluu.
Nilikuwa na tyubu moja, imekamuliwa hadi shingoni,
imeandikwa kobalti, imetengenezwa ng'ambo,
bei yake gunia la unga.
Nikaipasua kwa wembe, nikaikwangua ndani.
Jina la rangi sikumtajia.

Alitazama kitambo kirefu.
"Masikio ni ya mtu mwingine," akasema.
Nikashika brashi.
"Acha. Atayazoea."

Kesho yake akarudi na beseni kichwani,
mikate sita, bado ina moto,
akaipanga rafuni kati ya makopo
bila kunitaka ruhusa.
Gari lenye jina hili, likiwa tupu, ni matusi, akasema,
akaenda, beseni limepinduliwa kichwani kama kofia.

Nikala mmoja nimesimama.
Injini ilikuwa imegoma; nikaingia uvunguni na spana.
Kutoka chini nikaona miguu miwili midogo, kandambili tofauti,
nikasikia bodi ikigongwa.
"Papa, miwili."
Nikatoka na grisi mpaka viwikoni,
nikafungua mlango,
na ndipo nikagundua kuwa siijui bei.